Askari na Nyumba Yake: Utumishi wa Jeshi na Maamuzi ya Jamaa katika Historia ya Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

1. Utangulizi

Katika Kiswahili neno nyumba halina maana ya jengo peke yake. Mtu akisema "watu wa nyumbani" aghalabu anamkusudia mkewe pamoja na wanawe, na akisema "nyumba ya fulani" yamkini anautaja ukoo mzima. Maana hizi ni za lazima kwa kila anayetaka kuielewa historia ya askari. Kwani askari ni mtu aliyetolewa katika nyumba moja, yaani ya wazazi wake, akatiwa katika nyumba ya pili, yaani ya serikali, huku akitazamiwa kujenga ya tatu iliyo yake mwenyewe. Mvutano wa nyumba hizo tatu ndio unaochunguzwa katika makala haya.

Historia ya majeshi ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata vita na makamanda. Askari wa kawaida alitajwa kwa idadi, na mkewe hakutajwa kabisa. Mwanahistoria Timothy Parsons alisaidia sana kuirekebisha hali hii katika kitabu chake kuhusu askari wa Keya kilichotoka mwaka 1999, ambamo maisha ya kambini na mambo ya ndoa yalipewa nafasi yake. Walakini eneo la Garissa, Wajir na Mandera bado linatazamwa kama uwanja wa vita tu, na askari aliyepelekwa huko huonekana kana kwamba hakuwa na kwao.

Hoja ya makala haya ni kwamba uamuzi wa mtu kuingia jeshini, kubaki, kuasi au kutoka haukuwa wake peke yake, bali ulikatwa nyumbani. Dola nayo, tangu ile ya kikoloni hata ile ya uhuru, ililijua jambo hili vyema. Iliitumia nyumba ya askari ilipoihitaji, ikaisahau ilipokwisha kupata haja yake. Kaskazini Mashariki ni mahali pafaapo kuionyesha hoja hii, kwa sababu kwa miongo mingi eneo hilo lilitawaliwa kwa mkono wa askari kuliko kwa mkono wa hakimu au mwalimu.

2. Wake walioachwa nyuma: maasi ya mwaka 1897

Kisa cha kwanza hakikutokea Garissa, lakini bila ya hicho taratibu zilizofuatwa huko baadaye hazieleweki. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwaajiri askari wa Kisudani waliokuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, akawaingiza katika utumishi wa Waingereza nchini Uganda. Watu hawa hawakuja peke yao. Walikuja na wake, watoto, watumishi na mateka wao, hata msafara wao ukawa kama kijiji kinachotembea. Wanawake ndio waliotafuta chakula, wakapika, wakabeba mizigo na kuwauguza majeruhi. Kwa hiyo mke hakuwa mzigo juu ya jeshi. Alikuwa ndiye idara ya vyakula na ya tiba katika jeshi ambalo halikuwa na idara hizo.

Mwaka 1897 askari hao waliamriwa kufuatana na Meja Macdonald katika safari ya kwenda kaskazini, ambayo madhumuni yake yaliyotangazwa yalikuwa kutafuta chanzo cha mto Juba. Walikuwa wamekwisha kuchoka kwa safari za mfululizo, na mishahara yao, iliyokuwa midogo, ilicheleweshwa kwa miezi mingi. Juu ya hayo yote waliambiwa wasiwachukue wake zao. Walipofika Eldama Ravine mwezi wa Septemba waligoma, wakageuka nyuma, wakaenda kujifungia katika ngome ya Luba huko Busoga. Maasi hayo yaliitikisa serikali ya Uganda, na kuyazima kulihitaji majeshi kutoka Bara Hindi.

Waandishi wa kikoloni walieleza maasi haya kwa hila za viongozi na ukaidi wa askari. Malalamiko yenyewe yanaonyesha jambo jingine. Mtu aliyeamriwa kuiacha nyumba yake katika nchi ya ugenini, bila ya fedha na bila ya mlinzi, alikuwa na sababu ya kujiuliza kama mkataba wake na mwajiri ulikuwa bado upo. Alipoamua kuasi, alikuwa akiamua pia kwa ajili ya watu walioachwa.

King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902 kwa kuviunganisha vikosi vya Uganda, Afrika Mashariki, Afrika ya Kati na Somalia ya Waingereza, somo la mwaka 1897 lilikuwa bado bichi. Wananchi waliliita jeshi hilo Keya, kwa kuzifuata herufi za jina lake. Maofisa wake walikubali kwamba askari mwenye mke kambini huwa mtulivu zaidi, hatoroki kwa urahisi, na muda wake ukiisha hujiandikisha tena. Hivyo ndoa ikawa chombo cha kuwaweka watu jeshini. Ruhusa ya kukaa na mke haikuwa haki ya askari; ilikuwa hisani iliyoweza kutolewa na kuondolewa na mkubwa wake.

3. Kwa mzee wa Keya, kwao ni wapi?

Swali la pili lilizuka wakati askari walipozeeka. Msudani aliyetumikia Uganda, pwani na Juba hakuwa na kwao pa kurudi, na watoto wake walizaliwa laini. Serikali haikumpa pensheni ya kumtosha. Badala yake, kuanzia mwaka 1904, wazee hao waliruhusiwa kukaa pembeni ya Nairobi mahali walipopaita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Eneo hilo la ekari zaidi ya 4,000 liliwekwa chini ya jeshi, na kila mzee alipewa hati ya kulima na kujenga. Mwaka 1928 usimamizi ukahamishwa kutoka jeshini na kupewa utawala wa kiraia, na hapo shida ikadhihirika. Hati ilikuwa ya askari, si ya nyumba yake. Katika miaka ya 1930 Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter iliwahesabu wakaaji wa Kibera kuwa wapangaji tu kwa ridhaa ya serikali. Ilipofika mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya kumiliki ardhi kwa pamoja, nayo ilikuwa ya ekari 288.

Kaskazini zaidi, huko Isiolo, Wasomali waliotumikia upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walipewa nafasi ya kukaa na mifugo yao baada ya vita. Wengi wao walitoka mbali, kama vile Kismayu, Aden na Berbera. Hawa nao waliitazama ardhi hiyo kuwa ujira wa damu, na serikali ikaitazama kuwa ruhusa. Kizazi cha pili hakikuwa na cheti cha jeshi cha kuonyesha, na hakikuwa na nchi nyingine ya kuiita yake.

Mifano hii miwili inaeleza jinsi uamuzi wa mtoto wa askari ulivyofungwa na utumishi wa babake. Ambaye nyumba yake ilisimama juu ya ardhi ya jeshi alikuwa na sababu kubwa ya kuingia jeshini yeye mwenyewe, maana huko ndiko jina la babake lilikojulikana. Maofisa walimpenda mtoto kama huyu kwa sababu aliijua nidhamu na lugha kabla ya kufundishwa kwata. Kile kilichoitwa moyo wa kijeshi wa makabila fulani, mara nyingi kilikuwa ni ukosefu wa njia nyingine.

4. Laini za Kaskazini na lugha yake

Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa kifupi NFD, ilikuwa nchi kubwa yenye maji machache. Jubaland ilipokabidhiwa Waitalia mwaka 1925, mpaka uliletwa magharibi, na jamaa waliokuwa wakilisha ngamia wao katika malisho yale yale wakajikuta chini ya serikali mbili. Kuanzia mwaka 1926 NFD ilikuwa wilaya iliyofungwa: mgeni hakuingia, na mwenyeji hakutoka, bila ya kibali. Sheria ya mwaka 1934 ikaongeza nguvu za watawala juu ya mahali ambapo kila kabila liliweza kuchunga. Katika mazingira hayo askari alikuwa mmoja wa watu wachache walioruhusiwa kusafiri, lakini alisafiri kwa amri.

Kwa askari aliyetoka Ukambani, Nandi au Nyanza, kituo cha Wajir au Mandera kilikuwa mbali na kwao kwa kila hali. Barua ilichukua majuma mengi. Aliyekuwa na ng'ombe wa mahari waliokuwa hawajalipwa wote, au kesi ya shamba mbele ya wazee, hakuweza kuhudhuria. Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo, na methali hii ilimhusu askari wa mpakani kuliko mtu yeyote. Kila kipindi cha utumishi kilipokwisha, alitakiwa kupima faida ya mshahara na hasara ya kutokuwapo. Wapo waliorudi makwao wakaoa na kulima. Wapo waliojiandikisha tena kwa sababu fedha walizotuma zilikuwa zimekwisha kuwa tegemeo la ndugu wengi, hata kurudi kwao kungekuwa ni kuiondoa nguzo ya nyumba.

Kuhusu lugha, maisha ya laini yaliacha alama ambazo zinastahili kutazamwa na wanafunzi wa Kiswahili. Vyeo vya Kituruki vilivyoletwa na Wasudani, kama ombasha, shaushi, bulukbashi na efendi, vilitumiwa katika Keya miaka mingi. Kati ya hivyo, efendi ndiyo iliyoishi zaidi. Imekuwa afande, na leo huitwa hata polisi wa njiani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza lilituachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Lililo muhimu zaidi ni kwamba Kiswahili cha Keya, ambacho watetezi wa Kiswahili sanifu walikidharau kwa upungufu wa ngeli zake, kilikuwa pia lugha ya nyumbani. Askari wa kabila moja alipomwoa mwanamke wa kabila jingine, jambo lililotokea mara nyingi kambini, lugha iliyowaunganisha ilikuwa hiyo hiyo ya paredi. Mtoto wao hakujifunza Kiswahili kutoka kwa amri za ofisa. Alikipata kwa mamake jikoni. Kwa hiyo historia ya kuenea kwa Kiswahili barani haikamiliki ikiwa itahesabu tu shule, misheni na biashara, na kumwacha mke wa askari.

5. Garissa katika Vita Vikuu vya Pili

Italia ilipoingia vitani mwezi wa Juni 1940, NFD iligeuka kuwa mstari wa mbele. Mwezi wa Julai kikosi kidogo cha Keya kilichozingirwa Moyale kililazimika kuuacha mji usiku. Garissa, penye kivuko cha mto Tana, ikawa moja ya vituo vikubwa vya kukusanyia majeshi. Kutoka huko na Bura, majeshi ya Jenerali Cunningham, yakiwamo ya Keya, Gold Coast, Nijeria na Afrika ya Kusini, yaliingia Somalia mwanzoni mwa mwaka 1941. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili.

Vita hivyo viliingiza jeshini zaidi ya robo milioni ya watu wa Afrika Mashariki, na hapo ndipo serikali ilipotambua kwamba haiwezi kuiendesha vita bila ya kuishughulikia nyumba ya askari. Taratibu zikawekwa ili sehemu ya mshahara ilipwe nyumbani kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Shauri. Askari alitakiwa kumtaja mpokeaji. Katika jambo hili dogo la uandishi ndimo ulimokuwamo ugomvi mkubwa. Kwa desturi za makabila mengi mali ya kijana asiyekuwapo ilikuwa mikononi mwa babake au kaka yake. Basi aliyetajwa mara nyingi alikuwa mwanamume mzee. Mke aliyebaki na watoto, na ambaye ndiye aliyelima shamba la mtu aliyekwenda vitani, aliiona fedha hiyo ikiishia kwa mwingine. Akilalamika kwa Bwana Shauri, shauri lake lilikuwa limetoka nje ya ukoo na kuingia katika faili za serikali.

Upande wa pili, askari aliyekuwa Garissa, na baadaye Burma, aliuliza katika barua zake mambo matatu yale yale: kama fedha zimefika, kama mke yupo, na kama shamba halijaingiliwa. Wakuu wa jeshi waliyajua hayo kwa sababu barua zilisomwa na wakaguzi kabla ya kupelekwa. Waliyachukua kuwa ni suala la moyo wa kupigana, wakawataka Wakuu wa Wilaya wamalize kesi za ndoa na ardhi za watu walio vitani. Magazeti ya Kiswahili yaliyotolewa kwa askari, kama Askari na Heshima, yalijaribu kuwatuliza kwa habari za makwao. Hivi ndivyo dola ilivyopata kuwa mshenga, msuluhishi na mlipaji katika ndoa za watu ambao siku za amani haikuyajua majina yao.

Vita vilipokwisha, shughuli hiyo nayo ikaisha. Wengi walipewa kiinua mgongo na nguo, wakarudishwa walikotoka. Waliobaki katika jeshi la kudumu waliongozwa na hesabu za nyumbani zaidi kuliko mapenzi ya bunduki: mshahara wa kila mwezi, tiba, na nafasi ya mtoto kusoma.

6. Uhuru, Lanet na vita vya shifta

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, jeshi lake lilikuwa na vikosi vitatu vya askari wa miguu vilivyorithiwa kutoka Keya, navyo ni cha 3, cha 5 na cha 11 vya Kenya Rifles. Tarehe 28 Desemba, yaani siku kumi na sita tu baadaye, hali ya hatari ilitangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Tume iliyotumwa mwaka 1962 ilikuwa imekuta kwamba Wasomali wa NFD walitaka kujiunga na Somalia, na serikali ya Uingereza haikulitekeleza jambo hilo. Waliochukua silaha waliitwa shifta, neno lililotoka Uhabeshi lenye maana ya haramia au mwasi. Kwa kuwaita hivyo, serikali iliyageuza madai ya siasa kuwa ujambazi.

Tarehe 24 Januari 1964 askari wa kikosi cha 11 waliasi huko Lanet, karibu na Nakuru, siku chache baada ya maasi ya Tanganyika na ya Uganda. Madai yao yalihusu mishahara, vyeo na kuendelea kuwako kwa maofisa wa Kiingereza. Askari wa Kiingereza waliitwa kuyazima, baadhi ya walioasi wakashtakiwa, na kikosi chenyewe kikavunjwa. Maasi hayo yanafanana na yale ya mwaka 1897 kuliko inavyodhaniwa. Uhuru ulikuwa umewapandisha karani na mwalimu. Jamaa wa askari walitazamia kwamba naye angepanda pamoja na wengine. Mshahara wa Keya ulikuwa umepimwa kwa mtu mmoja anayekula jikoni mwa jeshi, ilhali mtu huyo sasa aliulizwa karo za shule na ndugu ambao walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba nchi ni yao.

Wakati huo huo vita vya shifta vililipanua jeshi na kuifanya Garissa kuwa mlango wa kuingilia vitani. Mwaka 1966 mabomu ya kutega ardhini yalianza kutumiwa barabarani, na serikali ikawakusanya wafugaji katika vijiji vyenye ulinzi. Makubaliano ya Arusha ya mwezi wa Oktoba 1967 yalimaliza vita hivyo rasmi, bali hali ya hatari haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Kwa askari na kwa mtumishi wa serikali, kupelekwa "Kaskazini Mashariki" kukawa na maana ya adhabu. Mke aliachwa Nairobi, Machakos au Eldoret. Watoto walimwona baba wakati wa likizo. Posho ya mazingira magumu iliyoongezwa juu ya mshahara ilikuwa ni bei ya kutokuwapo huko. Kuna nyumba zilizojengwa na mashamba yaliyonunuliwa kwa posho hiyo, na kuna ndoa zilizovunjika kwa sababu hiyo hiyo.

7. Nyumba za upande wa pili

Ingekuwa dhuluma kuzungumza juu ya nyumba ya askari huko Garissa bila ya kuzitaja nyumba ambazo askari aliingia kwa nguvu. Mwezi wa Novemba 1980, baada ya watumishi wa serikali kuuawa, majeshi ya usalama yaliishambulia Garissa. Nyumba za Bulla Kartasi zikachomwa moto na watu wengi wakauawa. Mwezi wa Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani kwa siku kadhaa, na mamia yao wakafa. Sheria ya mwaka 1970 ilikuwa imekwisha kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa vitendo vya wakati wa vita vya shifta, na waliofiwa katika miaka ya 1980 nao hawakuona mtu akihukumiwa. Mjane wa Wagalla na mjane wa askari aliyelipuliwa na bomu walikuwa na jambo moja la kushirikiana, nalo ni kwamba wote wawili walisubiri serikali iseme mume amekufa vipi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa taarifa yake mwaka 2013, na Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi kwa jumla mwezi wa Machi 2015.

Katikati ya miaka hiyo ya uchungu ndipo alipopanda Mahamoud Mohamed, Msomali wa Kaskazini Mashariki. Akiwa Meja Jenerali, aliongoza operesheni ya kuikomboa redio ya taifa siku ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Akakabidhiwa jeshi la anga lililokuwa limeundwa upya, na mwaka 1986, miaka miwili tu baada ya Wagalla, akawa Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya, cheo alichokishika hadi mwaka 1996. Kwa wazazi wa Garissa mfano wake ulisomeka kwa njia mbili zinazopingana. Ulionyesha kwamba mlango uko wazi kwa kijana wao. Ulionyesha pia kwamba cheo cha mtu mmoja hakiondoi kizuizi cha barabarani ambapo nduguze walidaiwa vitambulisho. Aliyemrithi, Jenerali Daudi Tonje, anakumbukwa kwa kanuni zilizoweka ukomo wa umri kwa kila cheo. Na kwa kanuni hizo jamaa ya ofisa iliweza, kwa mara ya kwanza, kuhesabu ni lini baba atarudi nyumbani.

8. Kutoka Manyani hadi El Adde

Mwaka 2009 vijana wa Garissa na wa kambi za wakimbizi za Dadaab waliandikishwa kwa siri ili wakaitumikie serikali ya mpito ya Somalia, wakapelekwa Manyani kufundishwa. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwezi wa Oktoba mwaka huo kwamba vijana waliahidiwa mishahara mikubwa, wakanyang'anywa simu, na wengine wakaondoka bila ya kuwaaga wazazi wao. Serikali ya Kenya ilikana. Kisa hiki kinathibitisha hoja ya makala haya kwa kinyume chake, kwani mwandikishaji aliyeiepuka nyumba alifanya hivyo kwa kuwa alijua ingekataa.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Garissa ikawa tena njia ya vita, kama ilivyokuwa mwaka 1941, na ikalipa gharama yake. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Baada ya mauaji ya abiria wa basi la Mandera mwezi wa Novemba 2014, walimu wengi waliotoka mikoa mingine walikuwa wamekataa kurudi kazini, wakitaka uhamisho. Hapa ndipo tofauti ya kazi hizi mbili inapodhihirika. Mwalimu aliweza kusema kwamba watu wa nyumbani wamemkataza. Askari hakuweza, la kwake lilikuwa ni kusubiri mkataba uishe na kuamua kama atautia saini mwingine.

Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya Kenya huko El Adde ilishambuliwa. Jamaa walikwenda kambini kuuliza, wengine wakatolewa damu ili miili itambuliwe, na marais wakahudhuria ibada ya kumbukumbu huko Eldoret. Walakini serikali haikutangaza kwa umma idadi kamili ya waliokufa. Sababu iliyotolewa katika mambo kama haya ni usalama wa taifa. Lakini hesabu iliyofichwa kwa adui ilifichwa pia kwa mama, na mama ndiye atakayeulizwa na mwanawe mwingine kama aende uwanjani siku ya kuandikisha makuruta.

9. Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo matatu yanaweza kushikwa. Kwanza, jeshi katika Kaskazini Mashariki halikupata kuwa la wanaume peke yao. Kuanzia Wasudani wa mwaka 1897 lilisimama juu ya kazi ya wanawake, ama walioandamana nalo au walioachwa. Pili, ahadi za dola kwa askari zilikuwa za mtu mmoja na za muda, ilhali askari alizipokea kwa niaba ya watu wengi na kwa vizazi. Ugomvi wa Kibera, malalamiko ya Lanet na kimya cha El Adde vilizaliwa katika tofauti hiyo. Tatu, wenyeji wa Garissa waliijua nyumba ya askari kwa pande zote mbili, kwa maana kuna ukoo uliotoa jemadari na uliotoa mjane.

Kazi iliyobaki ni ya kukusanya ushahidi. Nyaraka za serikali zinamtaja mke wa askari pale tu alipokuwa na kesi, na zinamtaja mama wa kuruta pale tu alipopokea fedha. Masimulizi ya wanawake waliozaliwa laini, ya wajane wa miaka ya 1960, na ya wazee wa Isiolo na Garissa waliotumikia bendera mbili, yanapaswa kurekodiwa kwa Kiswahili na Kisomali, na yahifadhiwe katika chuo kilichoko Garissa kwenyewe. Wasimulizi hao ni wazee, na wanapungua mwaka hata mwaka.